Pima Nyaya Kabla ya Kuihukumu Stata

Gari likikataa kuwaka Mboko, kwenye barabara ya taifa namba 5 inayotoka Uvira kwenda Baraka, lawama huangukia stata kabla ya kitu kingine chochote. Hufunguliwa, huoshwa kwa petroli, kisha mwenye gari huambiwa atafute nyingine Uvira, au aagize ng'ambo ya ziwa, Kigoma. Naona hukumu hiyo hutolewa mapema mno. Mota yoyote inayokula umeme wa betri, iwe ya stata au ya pampu ya maji, haifai kulaumiwa mpaka umeme unaoifikia upimwe pale pale inapofungwa waya, tena wakati imeamriwa kuzunguka. Stata ya gari dogo la volti 12 huweza kuvuta ampea 150 au zaidi. Kwa kanuni aliyoichapisha Georg Ohm mwaka 1827, mkondo huo ukipita kwenye kiungo chenye ukinzani wa omu 0.02 tu, volti 3 zinapotea hapo hapo na kugeuka joto. Unga wa kijani kwenye kichwa cha betri unatosha kuleta hasara hiyo. Vivyo hivyo nati iliyolegezwa na mashimo ya barabara. Waya wa hasi unaounganisha injini na bodi ndio unaosahaulika zaidi, ingawa injini imekalia mipira na haiwezi kurudisha umeme bila waya huo.

Mtu atasema betri yake inasoma volti 12.6, basi ni nzima. Kipimo hicho cha gari lililolala hakithibitishi hali ya nyaya, kwa sababu bila mkondo hakuna volti inayopotea njiani. Zuia mafuta ili injini isiwake, gusisha ncha moja ya mita kwenye risasi yenyewe ya chanya ya betri, si kwenye kibanio chake, na nyingine kwenye skrubu ya stata, kisha mtu azungushe ufunguo. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, kosa liko njiani. Rudia kati ya hasi ya betri na mwili wa stata. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la nyundo: stata ikigongwa ikazunguka, si ushahidi kwamba ndiyo mbovu? Mara nyingi ndiyo, nami nakubali. Lakini kinachoamshwa na nyundo kwa kawaida ni kaboni zilizoisha au kukwama, na kaboni hubadilishwa bila kununua stata nzima. Sikio la fundi nalo lina kazi yake: mlio wa haraka wa tik-tik-tik huashiria umeme hafifu, ilhali mlio mmoja mzito usiofuatwa na mzunguko huelekeza kwenye solenoidi, yaani swichi ya stata, au kaboni.

Kubadilisha stata na kuacha waya mbovu kuna gharama ya pili. Umeme ukiwa hafifu, solenoidi hushika na kuachia, na kila cheche inaunguza shaba yake ya ndani. Stata nayo huzunguka polepole, dereva anazidi kung'ang'ania ufunguo, na koili zinachemka. Ndiyo maana stata mpya hufa kwa ugonjwa ule ule wa ile ya zamani, kisha muuzaji wa Kigoma huambiwa ameuza kitu bandia.