Pensheni Iliyopandwa Kilimani

Ukitoka Butembo kwenda Beni, mashariki mwa Kongo, vilima vya pande zote mbili vimevaa mikaratusi, ile tunayoiita kaliptusi. Mgeni anaona msitu. Mwenyeji anaona mbao, makala, nguzo za nyumba, matofali yaliyochomwa, chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma, inayobeba magunia ya viazi. Wazee wengi waliovuka miaka 60 huona humo mshahara ambao hakuna ofisi inayowalipa.

Kwa miaka mingi nimekaa na wastaafu na faili zao mezani, na wananiuliza swali lilelile: sasa nitaishi kwa nini? Kabla ya kulijibu ni lazima kueleza kwa nini watu wa huku waliweka uzee wao ardhini badala ya benki. Hawakufanya hivyo kwa ujinga. Oktoba 1993 serikali ya Mobutu ilileta zaire mpya, na moja ilichukua nafasi ya zaire milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 ikaja faranga ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000. Piga hesabu: faranga moja ilimeza zaire za zamani bilioni 300. Mtu aliyeweka akiba tangu miaka ya sabini alibaki na karatasi. Jirani yake, aliyepanda miti miaka hiyohiyo, alibaki na miti. Watoto waliona, na hadi leo hawajasahau.

Hata hivyo pensheni ya karatasi ipo, na ninasikitika kila ninapoona mtu akiiacha ipotee. Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 ilipanga upya hifadhi ya jamii, na mwaka 2018 mfuko uliokuwa ukiitwa INSS ukawa CNSS. Kwa CNSS, umri wa kustaafu sasa ni miaka 60 kwa mwanamume na mwanamke, wakati zamani mwanamume alisubiri hadi 65. Kwa ajili ya pensheni, mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara na mwajiri huongeza asilimia 5 nyingine. Watumishi wa serikali wana mfuko wao, CNSSAP, ulioundwa kwa dekreti ya Desemba 2015. Kwa hiyo muuguzi wa kituo cha binafsi na karani wa serikali wanaweza kukaa benchi moja kanisani, kumbe kila mmoja ana mlango wake wa kubisha. Wengi hubisha mlango usio wao na kupoteza mwaka mzima.

Jambo linalowaangusha watu wetu kuliko yote ni jina. Sisi Wanande tunampa mtoto jina kwa kufuata zamu ya kuzaliwa: Kambale ni wa pili kati ya wavulana, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne, Masika ni binti wa kwanza. Kwenye orodha ya kampuni moja wanaweza kuwemo akina Kambale thelathini. Juu ya hapo, mwanzoni mwa 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo. Mtu aliyebatizwa Joseph mwaka 1960 aliendelea na shule bila Joseph, akaongezewa jina lingine la ukoo, na miaka ya tisini Joseph akarudi. Cheti cha ubatizo kinasema hivi, diploma vile, kitambulisho cha kazi namna ya tatu. Tarehe ya kuzaliwa nayo mara nyingi imeandikwa kwa kukisia. Kwako wewe ni mtu mmoja. Kwa karani anayehesabu miezi ya michango, mmoja baada ya mwingine, ni watu watatu, na hakuna kati yao aliyetimiza muda.

Ugonjwa huu una dawa, ila uinywe mapema. Ukifika miaka 50, kusanya karatasi zako zote, mpe mtoto au mjukuu mwenye macho makali azisome, na pale majina yanapotofautiana tafuta mahakamani hati inayothibitisha kuwa yote ni ya mtu mmoja. Fanya hivyo wakati mkuu wako wa zamani bado yu hai na anakumbuka mwaka ulioanza kazi. Tunza karatasi za mshahara hata zikiwa zimeliwa na mende. Kisha toa nakala, na nakala moja ilale mji mwingine. Tangu Goma ilipochukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki zake zikafungwa na uongozi wa mkoa upande wa serikali ukahamia Beni, kila mtu ambaye faili yake ya pekee ilibaki kule amejua uzito wa nakala.

Lakini wakazi wengi wa Butembo hawajawahi kukatwa asilimia yoyote. Ni wachuuzi wa soko, mafundi, wakulima, madereva. Wao niliwataja mwanzo nilipotaja vilima, na kwao ninataka kukaa kidogo.

Mkaratusi unafaa kuwa pensheni kwa sababu una tabia moja nzuri: ukikatwa, kisiki huchipua tena. Kwa nguzo na makala, miaka sita au saba inatosha. Aliyepanda akiwa na miaka 53 anakata akiwa na 60, anarudi kukata akiwa na 67, tena 74, bila kununua mche mwingine. Ukipanda kwa nafasi ya mita 2.5 kila upande, hekta moja inapokea miche 1,600. Kata kisiki chini karibu na ardhi, kwa msumeno mkali, kikiwa na mteremko kidogo ili maji ya mvua yasitulie juu yake. Machipukizi yakitoka, bakiza mawili au matatu yenye nguvu, mengine yote ng'oa. Ukiyaacha yote utavuna fito badala ya nguzo.

Kosa ninaloliona kila mwaka ni kukata shamba zima kwa siku moja. Mzee anastaafu, mtoto anataka mtaji, mnunuzi anakuja na pesa taslimu, na kilima kinabaki kipara. Fedha huondoka ndani ya miezi, kisha kuna miaka saba ya kungoja. Nilimwuliza mwalimu mmoja mstaafu, mama ambaye miti yake bado imesimama, alifanyaje.

“Mama Mwalimu, wenzako walikata yote. Wewe uliwezaje?”

“Mwanangu, niligawa shamba vipande saba. Kila mwaka nakata kimoja. Kipande cha saba kikiisha, cha kwanza kimeiva tena. Wakija kuomba cha mwaka kesho, nawaambia hicho ni cha mwaka kesho.”

Wataalamu wa misitu huandika vitabu vinene juu ya jambo hilo, na mama yule amelieleza kwa maneno machache. Aliugeuza mti, unaolipa mara moja kwa miaka saba, ukawa mti unaolipa kila mwaka. Ndicho mshahara ulichokuwa ukimfanyia: kumpa kidogo kwa wakati unaojulikana. Likelemba, upatu wetu wa zamu, inafanya kazi ileile kwa muda mfupi zaidi. Kila mwezi mmoja wenu anabeba, na zamu yako unaijua. Ninawashauri wazee wajiunge na ya watu wachache wanaofahamiana, ambao nyumba zao wanaweza kuzifikia kwa miguu. Na mikaratusi isipandwe karibu na chemchemi, kwa maana inakunywa maji mengi, na mjukuu atakayetembea mbali na kidumu kichwani atamkumbuka vibaya aliyepanda.

Beni hesabu ni nyingine, na inaniuma kuiandika. Ardhi ya huko iko chini kuliko ya Butembo na ina joto zaidi. Ilikuwa ya kahawa, mpaka ugonjwa wa kunyausha mibuni ulipoiangamiza robusta, watu wakageukia kakao. Kakao ni zao la mzee hasa. Huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, huvunwa kidogo kidogo, na kupasua maganda na kuanika mbegu ni kazi ya kukaa. Mwaka 2024 bei ya dunia ilipita dola 10,000 kwa tani. Lakini tangu Oktoba 2014, mauaji yanayohusishwa na waasi wa ADF yamewafukuza watu kutoka mashamba ya pande za Oicha, Mbau na Eringeti. Wapo wazee wanaokaa mjini kwenye chumba cha ndugu, shamba lao linazaa, na anayevuna ni mwingine. Siwezi kumwambia mzee wa namna hiyo apande. Namwambia asihesabu shamba kama mali pekee, atafute na vingine: chumba kimoja cha kupangisha mjini, cherehani, mizani ya kupimia mbegu za wengine, kuku wachache, kila kitu kinachoweza kumfuata akikimbia au kumngojea mahali penye usalama. Na karatasi za shamba azibebe mwilini.

Baada ya mali kuwapo, huja siku ya kugawa. Wazee wengi hugawa yote wakiwa hai ili kuzuia ugomvi. Nia ni njema, ila nimeona mama mjane akiomba chumvi katika nyumba aliyoijenga. Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa Julai 2016, huwapa watoto robo tatu ya urithi pasipo wosia, na robo hugawanywa kati ya mwenzi aliyebaki, wazazi na ndugu wa marehemu. Mwenzi ana haki ya kuendelea kuikaa nyumba. Familia nyingi hujifanya hazijui. Mpe kila mtoto kipande chake ukipenda, lakini nyumba ya kulala na angalau vipande vitatu vya miti vibaki kwenye jina lako na la mwenzako. Andika wosia kwa mkono wako mwenyewe, tarehe na sahihi, na watu wawili wajue ulipo.

Mwili nao unadai chake. Shirika la Afya Duniani linashauri walio na miaka 65 na zaidi watembee au wafanye kazi ya kiasi kwa dakika 150 au zaidi kwa wiki, na mazoezi ya kusimama imara siku tatu. Kwenye vilima vya Butembo dakika hizo huisha njiani kwenda kuangalia miti. Hofu yangu ni chumvi. Kikomo ni gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja kidogo, na makayabo, samaki wa chumvi, inaweza kuleta sehemu kubwa ya hiyo katika mlo mmoja. Iloweke usiku kucha, mwaga maji, kisha ipike na sombe. Pima shinikizo la damu kila mara unapopita kituo cha afya, hata kama huumwi.

Mama Mwalimu niliyemtaja ana kazi nyingine ambayo haimo kwenye hesabu yoyote. Mvua za Septemba zinapolainisha udongo, huwachukua wajukuu wake wakazunguke mpaka wa shamba. Anawasimamisha kwenye kila mti wa mpaka na kuwauliza ni nani aliye upande wa pili, baba yake alikuwa nani, na ni mwaka gani walikubaliana hapo. Mwaka jana barza ya kata ilimwita katika ugomvi wa majirani wawili. Hakwenda peke yake. Alimpeleka mjukuu wa miaka 12, na walipofika kwenye jiwe lililokuwa likigombaniwa, akamwacha mtoto aseme.