Mshipa wa shingo haufuate kitabu siku zote

Mutauliza: mtu wa agronomia anaingia mu mambo ya waganga juu ya nini? Juu ya ng'ombe.

Sisi watu wa Fataki tumekomaa kando ya ng'ombe. Kwenye machinjio, ukifungua kifua chake, utaona mshipa mkubwa wa moyo unatoa mrija mmoja tu wa kwenda mbele, na huo peke yake unagawa damu ya kichwa na ya miguu ya mbele. Mtu kwa kawaida ana mirija mitatu. Lakini kuna watu si haba, zaidi wenye asili ya Afrika, ambao karotidi yao ya kushoto inatokea pamoja na mrija wa upande wa kuume. Wanabaki na miwili. Waganga wanaita hiyo «upinde wa ng'ombe». Mwenye alitoa lile jina, nafikiri hakuchinja ng'ombe hata siku moja!

Karotidi ziko mbili, moja kila upande wa shingo. Weka vidole kando ya koo, utasikia inapiga. Karibu na kile kifundo chenye kupanda ukimeza, kila moja inagawanyika: tawi la ndani linaenda ubongoni, la nje linalisha uso na ulimi. Mafuta yakigandana pale, kipande kinaweza kuruka mpaka ubongoni, mtu anapooza. Michael DeBakey alisafisha mshipa kama huo kule Houston mwaka 1953. Kazi ni kufunga kwa vibano, kupasua, kutoa uchafu, kushona.

Lakini kufunga upi? Kitabu kinasema tawi la ndani liko nyuma, na halizai tawi lingine shingoni. Kuna watu matawi yamebadilishana nafasi, na wachache sana ambao lile la ndani linatoa kijitawi. Kikikosa kibano, damu inarudi na kujaa palepale munganga anafanya kazi. Kwa hiyo hafungi haraka. Anafuata kila mrija mpaka aone unaelekea wapi. Kwa wengine mgawanyiko uko juu sana, chini ya taya. Hapo bomba la hewa linapitishwa puani, mdomo unafungwa, taya linaachia nafasi kidogo.

Yenye inaniogopesha zaidi ni hii: karibu mtu mmoja kwa mia, mshipa wa mkono wa kuume unapita nyuma ya njia ya chakula. Kwake mshipa wa fahamu wa sauti haushuki kwanza kifuani. Unakata moja kwa moja shingoni, nyuma ya karotidi. Ukidhani ni kauzi tu ukaukata, mtu anaamka sauti imeharibika.

Ekografia na skana zinaonyesha mengi mbele ya kupasua. Ila huku Djugu tunajua vidonda vya panga na vya risasi. Mtu anafika anavuja damu, hakuna muda wa picha. Mmoja anakandamiza kwa kidole. Munganga anatafuta mshipa pale ungali mzima, chini ya kidonda, anaushika, kiisha juu yake, ndipo anafungua pale pabaya. Na kabla ya kukaza uzi anajiuliza tena: huu ni wa usoni ao wa ubongoni? Wa usoni unaweza kufungwa kabisa na mtu akapona. Wa ubongoni, akiweza, anaushona.