Siku za Kupumzisha Mikono

Upasuaji wa kuongeza ukubwa wa matiti, ambao kwa muda mrefu ulisikika kwetu kama habari ya Ulaya, Marekani, India na Uturuki, sasa umo ndani ya mipaka ya nchi. Kwani tangu mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, katika tawi lake la Mloganzila lililo pembezoni mwa Dar es Salaam, imekuwa ikitoa huduma za upasuaji wa urembo, na mwanamke wa Njombe au Makambako aliye na nia na uwezo hahitaji tena hati ya kusafiria ili kuzipata. Sikusudii kumhukumu mwanamke huyo. Wako watafutao umbo walilolitamani tangu ujana, wako ambao titi moja lilikua na jingine likabaki nyuma, na wako waliokatwa titi kwa sababu ya saratani na sasa wanataka nguo iwakae tena kama zamani. Mwili ni wao na hiari ni yao. Linalonishughulisha ni muhula ufuatao, yaani wiki zile sita za kupona, ambazo tabibu hayumo nyumbani, muuguzi hayumo, na aghalabu hata ndugu hayumo.

Upasuaji wenyewe si mrefu. Mgonjwa hulazwa kwa nusu kaputi, tabibu hupasua mahali padogo, mara nyingi katika kunjo lililo chini ya titi, hutengeneza mfuko, hutia humo kipandikizi cha silikoni au chenye maji ya chumvi, kisha hushona. Kazi hiyo huchukua saa moja au mbili, na wengi huruhusiwa siku ile ile au kesho yake. Sanaa hii ina umri. Mwaka 1895, huko Heidelberg, Ujerumani, tabibu Vincenz Czerny alichukua uvimbe wa mafuta kiunoni mwa mgonjwa akautia kifuani, mahali palipokuwa pameondolewa nyama ya titi. Na mwaka 1962, katika mji wa Houston, Marekani, matabibu Thomas Cronin na Frank Gerow walimtia Timmie Jean Lindsey vipandikizi vya kwanza vya silikoni.

Ili kuifahamu taabu ya siku za kupona, yafaa kuufahamu msuli mmoja. Ni msuli mkubwa wa kifua, uanzao mfupani katikati ya kifua na kushikana na mkono karibu na bega, nao ndio utumikao kila tunaposukuma, tunapovuta na tunapokumbatia. Kipandikizi huwekwa ama juu ya msuli huo ama chini yake, na kwa sababu hiyo kila kazi inayouamsha huvuta mshono na kuutikisa mfuko ambao bado haujashika. Basi zitazame kazi za mwanamke wa nyanda za juu: kusonga ugali, kupasua kuni, kufua blanketi, kupalilia viazi, kujitwika ndoo. Hakuna hata moja isiyopita katika msuli ule. Matabibu wengi humkataza mgonjwa kunyanyua kitu kinachozidi kilo mbili au tatu kwa muda wa wiki nne hadi sita, na humkataza kuinua mikono kupita mabega kwa wiki mbili za mwanzo au zaidi. Nayo ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, tena haifiki kichwani ila kwa mikono iliyoinuliwa. Katazo ambalo mwenye bomba jikoni na mtumishi nyumbani hulitimiza bila kulifikiri, kwa mwanamke aishiye peke yake Makambako ni sawa na kuambiwa asipike, asinywe wala asioge.

Na kwa nini awe peke yake? Mume huenda yuko kazini mbali, na watoto wako shule za bweni. Lakini sababu kubwa kuliko hizo, kwa jinsi niionavyo, ni siri. Mwanamke aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo hupata wifi wa kumpikia, shangazi wa kumfulia na majirani wa kuleta uji, kwa maana ugonjwa wake hutajwa hadharani. Lakini huyu wetu, akiogopa kusengenywa sokoni na kanisani, huaga kwamba anakwenda Dar es Salaam kwenye semina, na akirudi hushurutika kuishi kama mtu aliyetoka semina, aanze kufagia na kuchota maji siku ya pili ili asishukiwe. Naamini siri ya namna hii imeharibu mishono mingi kuliko uchafu. Sitara ni haki ya kila mtu, wala simsihi mtu kuivunja. Ila ipo njia ya kuihifadhi bila kujidhulumu. Kwanza awepo msiri mmoja, dada au rafiki wa kweli, ambaye anajua kila kitu na anayo namba ya simu ya hospitali. Wengine wote waambiwe neno moja la kweli lisilo na maelezo: “Nimefanyiwa upasuaji, daktari amenikataza kubeba.” Watu wa huku ni wastaarabu, aghalabu atajibiwa “pole sana, dada,” na kabla ya jioni mtoto wa jirani atakuwa mlangoni akiuliza ndoo iko wapi.

Msaada ukiwa haba, nyumba yenyewe haina budi kufanywa msaidizi, na jambo hilo hufanyika kabla ya safari, mikono ingali na nguvu. Maji yagawanywe katika vyombo vidogo, chupa za lita moja na nusu na majagi, maana kilo moja na nusu huinuliwa na mgonjwa ilhali pipa halimfai kitu. Sufuria, chumvi, sukari, dawa na chaja ya simu vishushwe kutoka rafu za juu na viinuliwe kutoka sakafuni, vyote vikae usawa wa kiuno. Kuni zipasuliwe, au mtungi wa gesi ujazwe. Unga, mchele, viazi na njegere viwekwe katika mifuko ya kiasi cha mlo mmoja. Na kwa kuwa ugali ndio adui mkubwa wa kifua kilichoshonwa, siku za mwanzo ziwe za wali, viazi vya kuchemsha, uji na ndizi. Fedha kidogo itengwe kwa ajili ya mchota maji na mfuaji. Nywele zisukwe kabla ya kuondoka, kwa kuwa mikono isiyoweza kupita mabega haiwezi kuzichana. Nguo ziwe za vifungo vya mbele. Na hapa Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako baridi ya Juni na Julai huingia hadi mifupani, masweta ya kuvalia kichwani yawekwe kando na yale yafungukayo mbele yawekwe karibu.

Safari ya kurudi ni jambo la kufikiriwa sana. Kutoka Dar es Salaam hadi Makambako ni zaidi ya kilomita 600, na Njombe iko mbele tena kwa kilomita 60 hivi. Mtu hupita Mikumi, hupanda mizunguko ya Kitonga, hupita Iringa na Mafinga, akiwa amekaa kitini mchana kutwa. Kukaa hivyo baada ya nusu kaputi huongeza hatari ya damu kuganda katika mishipa ya miguu, na donge likikatika na kufika mapafuni huweza kuua. Kwa hiyo asipande basi mara atokapo wodini; akae kwanza kwa ndugu au katika nyumba ya wageni iliyo karibu na hospitali mpaka tabibu autazame mshono na kumpa idhini ya kusafiri. Njiani anywe maji, atikise nyayo, na kila basi lisimamapo ashuke atembee. Mizigo abebewe. Mkanda wa kiti ukipita kifuani, auvae vivyo hivyo, lakini mto mdogo au kanga iliyokunjwa iwe kati. Reli ya TAZARA nayo hupita Makambako, na likipatikana treni lenye behewa la kulala, kitanda cha chini kitamfaa.

Akifika nyumbani, usiku ndio mtihani. Kulala kifudifudi hakuwezekani, na kulala chali kabisa humlazimu kujisukuma kwa mikono anapotaka kuamka; dawa yake ni kuegemea mito mingi, au gunia safi lililojazwa nguo, hata mwili uwe nusu umekaa, ili asubuhi ainuke kwa nguvu za miguu. Sindiria aliyopewa na tabibu, isiyo na waya, avae mchana na usiku kama alivyoelekezwa. Dawa za maumivu azinywe kwa saa zake badala ya kungoja maumivu yapande. Vidonge vya parasetamoli vya miligramu 500 visizidi vinane katika saa 24, na aspirini asiiguse bila idhini, kwa maana huzidisha kutoka damu. Dawa kali nyingine hufunga choo, na kujikamua huumiza kifua. Basi maji mengi, mboga za majani, papai na maharage ni sehemu ya tiba. Ulanzi na pombe nyingine zote haziendi pamoja na dawa hizo.

Hapa natoa tahadhari mbili zinazohusu mazingira yetu. Ya kwanza ni kukandwa. Mama au bibi mwenye mapenzi, aliyezoea kumkanda mzazi kwa maji ya moto, atataka kumkanda na huyu. Lakini ngozi ya titi lililopasuliwa huwa na ganzi kwa wiki nyingi, haitambui moto, na mgonjwa huweza kuungua asijue. Akatae kwa adabu, na mshono usipakwe mafuta, majani wala kitu chochote ambacho tabibu hakukitaja; ukae mkavu, na mpaka aruhusiwe kuoga kamili aketi kigodani, ajimwagie kutoka kiunoni kwenda chini, sehemu ya juu aipanguse kwa kitambaa. Ya pili ni jiko la mkaa. Baridi ya Njombe humshawishi mtu kuliingiza chumbani na kufunga dirisha. Hewa yenye sumu itokayo katika mkaa haina harufu, imekwisha kuwaua watu wazima wenye afya, na mtu aliyelevywa na dawa hataamka kuikimbia. Blanketi ziongezwe, jiko libaki nje.

Mwenye mtoto mdogo ana shida yake ya peke yake. Mbeleko hufungwa kifuani, palepale penye mshono, na mtoto wa mwaka mmoja hupata kilo nane au tisa. Kwa hiyo kumbeba mgongoni ni marufuku kwa wiki zote zile. Mtoto na amfuate mama kitandani, ama apande mwenyewe, ama ainuliwe na mtu mwingine na kuwekwa mapajani. Ikiwa hapana mtu wa kumwinua, ningemshauri mama huyo auahirishe upasuaji mpaka apatikane; urembo hungoja, mtoto hangoji.

Kuna dalili ambazo hazivumiliwi hata usiku mmoja. Titi moja likivimba ghafula, likawa gumu na kuuma kuliko jenzake, yamkini damu inavujia ndani. Homa, wekundu unaoenea, usaha au harufu mbaya ni alama za uambukizo. Uvimbe na maumivu katika shavu la mguu mmoja, au kukosa pumzi kwa ghafula, huashiria damu iliyoganda. Asitafute kwanza ruhusa ya Dar es Salaam: apande bajaji au gari aende hospitali iliyo karibu, iwe ya rufaa ya mkoa Njombe, au ya Ilembula kwa walio upande ule wa Makambako, akiwa na barua aliyopewa wakati wa kuruhusiwa. Barua hiyo ni mali. Mhudumu asiyejua nini kimewekwa kifuani aweza kutoboa mahali pasipotobolewa, na hapa hasa ndipo siri haina nafasi: tabibu aambiwe yote.

Kazi ya mezani au dukani huweza kurudiwa baada ya wiki moja au mbili. Jembe, kuni na ndoo baada ya wiki sita, tena kwa idhini. Kutembea, kinyume chake, kuanze tangu siku ya kwanza, polepole na kwa vipindi vifupi. Vipandikizi havidumu umri wote wa mtu. Huweza kupasuka au kuzungukwa na kovu gumu, na wengi huhitaji upasuaji mwingine miaka kadhaa baadaye. Kadi yenye jina la kiwanda na namba ya kipandikizi ihifadhiwe pamoja na vyeti vya nyumbani. Na siku mwanamke huyo atakapokwenda kupimwa saratani ya matiti kwa eksirei, amwoneshe mpimaji kadi hiyo kabla kipimo hakijaanza, kwa kuwa kipandikizi huficha sehemu ya titi na mpimaji hana budi kupiga picha za ziada.