Pai Tamu za Kipupwe Bila Oveni

Kipupwe kinapoingia hapa Inyonga, mwezi wa Juni na Julai, usiku huwa wa baridi na asubuhi watoto hawataki kutoka kitandani. Lakini kipindi hicho kina baraka zake. Kazi za shamba zimepungua, viazi vitamu vipo, karanga ziko ghalani, na warina asali wanarudi kutoka porini na ndoo zao. Nyumba yenye vitu hivi vitatu haikosi kitu kitamu cha kuoka.

Wengi wetu tukisikia neno pai tunafikiria hoteli, oveni ya umeme na matofaa ya dukani. Sivyo. Pai ni unga wa ngano uliosukumwa, ukawekwa kitu kitamu ndani yake na kuokwa. Tati ni ndugu yake mdogo: ni ya mtu mmoja, na juu huachwa wazi. Huko Marekani, hasa kwa Wamarekani weusi, pai ya viazi vitamu ni chakula cha sikukuu. Viazi hivyo ni vilevile tunavyochemsha kila asubuhi, kisha tukaona kwamba havifai kuwekwa mbele ya mgeni.

Baridi inasaidia

Siri ya unga wa pai ni ubaridi. Mafuta yakibaki magumu ndani ya unga, huyeyuka kwenye moto na kuacha nafasi ndogondogo, ndiyo maana pai huwa laini na hukatika vizuri mdomoni. Mwezi wa Oktoba, jua linapowaka, siagi huyeyuka mikononi kabla hatujamaliza kuchanganya, na pai hutoka ngumu. Kipupwe hutupa bure kile ambacho wenzetu hukipata kwa jokofu. Maji yaliyolala mtungini usiku kucha yanatosha. Basi kandeni unga asubuhi mapema.

Mahitaji ya unga

Unga wa ngano vikombe 2. Siagi ya kopo gramu 125, yaani nusu ya robo kilo. Chumvi nusu kijiko cha chai. Maji baridi vijiko vya chakula 4 hadi 6.

Changanya unga na chumvi. Tia siagi, ufikiche kwa ncha za vidole mpaka uwe kama chenga za mkate. Usitumie kiganja, kwa kuwa kiganja kina joto. Nyunyiza maji kidogo kidogo mpaka unga ushikane, kisha acha. Huu si unga wa chapati. Ukiukanda sana utakuwa mgumu. Ufunike, uuweke mahali penye baridi kwa nusu saa. Gawanya mara mbili: nusu ya pai, nusu ya tati.

Pai ya viazi vitamu

Chukua viazi vilivyochemshwa na kupondwa vikombe 2, mayai 2, maziwa nusu kikombe, asali theluthi moja ya kikombe, chumvi kidogo, na iliki au tangawizi iliyotwangwa. Koroga vyote pamoja. Sukuma unga kwa mti wa kusukumia chapati, au chupa safi, uutandaze ndani ya bati la keki lililopakwa mafuta. Mimina mchanganyiko wako.

Ukipata viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, chagua hivyo. Rangi hiyo ni dalili ya kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kumsaidia mtoto kupambana na maradhi. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilitolewa kwa wataalamu wanne. Watatu kati yao walitunukiwa kwa kazi ya viazi hivi, na mmoja wa hao watatu ni mwenzetu wa Afrika Mashariki, Robert Mwanga wa Uganda.

Msimu wa viazi ukipita, michembe nayo hufaa. Iloweke, ichemshe mpaka ilainike, kisha iponde.

Tati za karanga na asali

Kaanga karanga kikombe 1, uzitwange ziwe chengachenga. Changanya na asali vijiko vya chakula 4, yai 1 na siagi kijiko 1. Kata unga uliosukumwa kwa mdomo wa kikombe kikubwa, weka kijiko kimoja katikati, na ukunje kingo kwa vidole ili asali isimwagike.

Kabla ya kukaanga, chambueni karanga kwa makini. Zilizoota ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi zitupwe, na kuku wasipewe. Huenda zina sumukuvu, ambayo huharibu ini, na kukaanga hakuiondoi yote.

Kutengeneza oveni ya sufuria

Tafuta sufuria kubwa kuukuu. Mwaga mchanga mkavu chini, unene wa vidole viwili, na weka vijiwe vitatu juu yake. Funika kwa mfuniko bapa au sinia la chuma. Weka makaa ya moto chini na juu, lakini ya juu yawe mengi kuliko ya chini, kama theluthi mbili kwa theluthi moja. Moto wa chini ukizidi, pai huungua kitako na juu hubaki mbichi.

Subiri robo saa sufuria ishike moto, ndipo uweke bati juu ya vijiwe. Tati huiva kwa dakika 20 hivi, pai kwa dakika 40 hadi 50. Choma njiti katikati ya pai; ikitoka safi, imeiva. Asali hubadilika rangi upesi kuliko sukari, kwa hiyo tati zikianza kuwa kahawia, punguza makaa ya juu. Oka tati kwanza na pai baadaye kwa moto uleule. Mkaa wetu unatoka kwenye miti ya miombo, na miti hiyohiyo ndiyo inayowalisha nyuki maua. Tukiubana mkaa, tunailinda asali pia.

Jiko libaki nje

Hapa, akina mama, tunaomba msome polepole. Pai ikishaiva, makaa bado yana moto, nje kuna baridi, na watoto wanatetemeka. Ni rahisi kulibeba jiko hadi chumbani, kufunga mlango na madirisha, na kulala. Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tunaiogopa saa hiyo kuliko kitu kingine chochote cha kipupwe.

Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haionekani wala hainuki. Wengi husema, "Mkaa umeshakolea, hauna moshi tena, hauna neno." Sumu hii haihitaji moshi. Makaa mekundu mazuri, yale yale yanayotuokea pai, ndiyo yanayoitoa. Ikiingia kwenye damu hushika nafasi ya oksijeni, na mtu huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Aliye macho huenda akatoka nje. Aliyelala huendelea kulala, na huenda asiamke. Mtoto mchanga na mama mjamzito wako hatarini zaidi, na mtoto aliye tumboni huathirika pia.

Basi okeni uani, au kwenye jiko la nje lililo wazi pande zote. Mkimaliza, fukieni makaa kwa majivu au mchanga nje hukohuko. Watoto wakisikia baridi, wapeni blanketi la pili, soksi, na uji wa moto kabla ya kulala. Mkimkuta mtu amelegea katika chumba chenye jiko, mtoeni nje mara moja hata kama kuna baridi, fungueni milango, na mkimbizeni kituo cha afya hata akionekana amepata nafuu.

Nani ale, na kiasi gani

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali, hata iliyo ndani ya pai. Asali huweza kubeba vijidudu vinavyoleta ugonjwa wa kulegea misuli kwa watoto wachanga, na joto la katikati ya pai haliwezi kuviua. Aliyevuka miezi 6 mtengee viazi vyake vilivyopondwa kabla hujatia asali.

Kwa mwenye kisukari, asali si dawa. Mwilini huhesabiwa kama sukari. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba ni vizuri zaidi sukari ya kuongezwa isizidi kama vijiko vya chai 6 kwa siku kwa mtu mzima, na asali imo katika hesabu hiyo. Pai yetu ikikatwa vipande 8, kila kipande kina karibu vijiko 3. Kipande kimoja, pamoja na chai isiyo na sukari, kinatosha kabisa.

Anzeni na tati, akina mama, kwa kuwa hazina gharama kubwa na haziwekwi sana motoni. Mkono ukizoea, okeni pai nzima ya Jumapili, na kipande kimoja kipelekwe kwa jirani mgonjwa au mama aliyejifungua. Wasichana na wavulana wa nyumbani wafundishwe wote kufikicha unga. Na atakayepewa kazi ya kufukia makaa awe mtu mzima, naye ayahakikishe kabla ya nyumba kulala.