Kompyuta ikisahau tarehe, anza na betri ya saa

Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika, steshenari za Nyakato, Manispaa ya Musoma, hujaa vijana wenye bahasha za vyeti. Hapo ndipo kompyuta kongwe humuumbua mwenye duka. Akiiwasha, kioo kinabaki cheusi chenye maandishi meupe yanayomtaka abonyeze F1. Ikikubali kuwaka, saa yake inasoma Januari mosi ya mwaka uliokwisha kupita zamani. Bando lipo, mtandao unashika, lakini tovuti ya Bodi ya Mikopo inagoma kufunguka. Kivinjari kinadai si salama.

Wengi hulaumu virusi. Wengine hulipia Windows mpya, kazi isiyogusa ugonjwa wenyewe. Mara nyingi kilichokwisha ni betri ya saa, kidude cha duara mfano wa sarafu kilichopachikwa kwenye madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta.

Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kivinjari hukipima kwa saa ya kompyuta. Kompyuta inayodhani iko mwaka 2009 huona cheti cha mwaka huu bado hakijaanza kazi, ikakikataa. Risiti na kumbukumbu za madeni zinazochapwa siku hiyo nazo hubeba tarehe ya uongo.

Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 haikuwa na saa ya namna hii. Mtumiaji aliandika tarehe kila alipoiwasha. IBM AT ya mwaka 1984 ndiyo iliyokuja na saa yenye betri yake. Hadi leo kazi ni ileile: kulisha kipande cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, ili saa isisimame umeme ukikosekana.

Kwetu kandokando ya Ziwa Victoria betri hii ina mzigo mkubwa zaidi. Ukanda huu ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, kwa hiyo jioni watu huchomoa kila kitu ukutani. Kompyuta ya mezani iliyozimwa lakini bado imechomekwa hulisha saa kwa umeme wa ukutani. Ikichomolewa, betri hubaki peke yake. Tusiache kuchomoa, maana radi huunguza madabodi nzima. Tujue tu kwamba betri itakwisha mapema, hasa kwenye kompyuta za mtumba zinazofika na betri iliyokwisha kutumika miaka kadhaa.

Kompyuta nyingi za mezani hutumia CR2032: volti 3, upana milimita 20, unene milimita 3.2. Mwambie fundi aipime kwa mita; ikisoma chini ya volti 2.7, ibadilishwe.

Kabla ya kuitoa, ingia kwenye mipangilio ya bayosi, programu inayoiamsha kompyuta, kwa kawaida kwa kitufe cha F2, F10 au Delete, upige picha kurasa zake kwa simu. Angalia zaidi sehemu ya diski, kama imeandikwa AHCI, IDE au RAID. Ikirudi tofauti na ilivyokuwa, Windows inaweza kukataa kuwaka. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, hakikisha unao ufunguo wake wa akiba.

Kisha chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, fungua kifuniko, na ushike bati la kompyuta. Sukuma kishikio kidogo cha pembeni. Betri itainuka yenyewe. Mpya iweke upande wa alama ya kujumlisha ukiwa juu. Washa, rekebisha tarehe, rudisha mipangilio. Kwa laptopu, ambazo nyingi betri yake ina waya na imefichwa ndani, mwachie fundi.

Betri iliyotolewa isiachwe mezani. Mtoto akiimeza, inaweza kumuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili. Akihisiwa kuimeza, akimbizwe hospitali bila kusubiri dalili. Izungushie selotepu na uiweke mbali naye.

Wenye steshenari na shule zenye kompyuta kongwe, badilisheni betri hizi kabla ya msimu wa maombi. Na wewe msomaji, usikubali kulipia madabodi mpya wala kuuza kompyuta kwa bei ya chuma chakavu kabla fundi hajapima betri ya saa mbele yako.