Dripu ya Nguvu Haimwinui Mzee

"Mama amelegea. Nani anaweza kwenda nyumbani kumtundikia dripu ya nguvu?" Kila mwisho wa mwezi, mishahara ikiingia, naulizwa hivyo na watoto walio Dar es Salaam, ambao wazazi wao wako Moshi au Songea. Hakuna anayeuliza mama anakula nini, wala nani humtoa nje kuota jua. Wanauliza bei.

Tuisome basi hiyo chupa ya dripu. Nusu lita ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari, yaani vijiko sita hivi vya chai. Protini haimo hata chembe. Kikombe cha uji wa maziwa kinaishinda. Nusu lita ya maji ya chumvi nayo ina gramu 4.5 za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, chakula chote kikihesabiwa. Mwenye moyo dhaifu maji yanaweza kumjaa mapafuni, usiku akashindwa kulala chali, akahema ameketi. Ile rangi ya njano mnayoisifia kwenye dripu ni vitamini B. Ziada yake huishia chooni.

"Lakini alichangamka!" Naam. Ameshinda peke yake wiki nzima, kisha akaja mtu, akamshika mkono, wakazungumza mpaka chupa ikaisha. Asichangamke kwa nini? Kilichomchangamsha ni mgeni, nanyi mkalipia maji.

Kulegea kuna chanzo: upungufu wa damu, kisukari, maambukizi ya mkojo, dawa zinazogongana. Apimwe. Anayetapika, anayeharisha au aliyechanganyikiwa ghafla apelekwe hospitali leo hii.

Kwa wazee wengine, hela ya dripu mlipeni jirani mwaminifu aende kila siku. Ampikie yai, dagaa au maharage; amsimamie ainuke kitini na kukaa mara kumi, asubuhi na jioni; ahakikishe dawa zimemezwa. Fungeni bomba la kushikia chooni. Zahanati iwaunganishe na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Muoneni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri: Sera ya Taifa ya Wazee inamhesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60, na mzee asiyejiweza anastahili kutibiwa bure. Kituoni ulizieni dirisha la wazee. Bei ya dripu msiniulize tena.