Kopo la jinsengi juu ya meza ya mama mkubwa

Mama mkubwa wangu anaishi Magomeni Mapipa. Kwa miaka mingi amekuwa akimeza kidonge chake cha presha kila asubuhi baada ya chai. Mwezi uliopita nilipomtembelea, nilikuta kopo jekundu mezani, lenye picha ya mzizi unaofanana na mtu mwenye miguu miwili. Limeandikwa Ginseng. Alilinunua Kariakoo.

"Huu ndio mzizi wa moyo, mwanangu," aliniambia. "Vile vidonge nimevipumzisha kwanza."

Tuliazima mashine ya jirani, nikampima. Ilisoma 178 kwa 104. Hakuwa na maumivu ya kichwa wala kizunguzungu, na hiyo ndiyo hatari ya presha: inaweza kupanda kimya kimya hadi siku ya kiharusi.

Jinsengi asili yake ni Korea na kaskazini mashariki mwa China, ambako imetumika kwa karne nyingi kuongeza nguvu mwilini. Aina nyingine huota Amerika ya Kaskazini. Viambato vyake vikuu huitwa jinsenosaidi. Maabara, vimeonekana kuchochea kuta za mishipa ya damu kutoa naitriki oksidi, gesi inayolegeza mishipa ili damu ipite kwa urahisi. Kwa hiyo maneno ya wauzaji hayakutoka hewani.

Lakini maabara siyo mwili wa mtu. Katika majaribio yaliyofanywa kwa binadamu, baadhi yalionyesha presha kushuka kidogo, mengine hayakuonyesha tofauti yoyote. Huo si msingi wa kumfanya mgonjwa aache dawa.

Kuna pia suala la dawa kugongana. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulionyesha kuwa jinsengi ya Amerika hupunguza nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Warfarini hutumiwa na watu waliowekewa valvu za bandia za moyo, upasuaji unaofanyika hata hapa nchini katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Muhimbili. Kwao, bonge dogo la damu linaweza kuleta kiharusi. Jinsengi inaweza pia kushusha sukari, hivyo mwenye kisukari anayetumia dawa awe makini. Wengine huwakosesha usingizi. Wajawazito na watoto wasipewe.

Hii si vita dhidi ya tiba asili. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Muhimbili imekuwa ikifanya utafiti wa dawa za asili tangu mwaka 1974. Mzizi unaweza kuwa na manufaa, ila mgonjwa hapaswi kuutumia kwa siri.

Mzazi, kama nyumbani kuna mwenye presha, fanya haya:

- Asiache dawa bila kuzungumza na daktari, hata akijisikia vizuri.
- Kila dawa ya mitishamba anayotumia, aende nayo kliniki ikiwa ndani ya kopo lake.
- Apimwe mara kwa mara. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi kila anapopimwa, hiyo ni presha ya kupanda.
- Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ile ya kwenye chipsi na mishkaki.

Kesho yake tulikwenda kliniki, kopo likiwa kwenye mkoba. Daktari hakumgombeza. Alimuuliza swali moja tu: kwa nini aliacha vidonge? Mama mkubwa akainua gauni kidogo, akaonyesha vifundo vya miguu. Vilikuwa vinavimba tangu aanze dawa ile, na aliona aibu kusema.

Akabadilishiwa dawa. Wiki mbili baadaye presha ilisoma 138 kwa 86, na miguu ilikuwa imepungua.

Mimi nilikuwa nimeshajiandaa kumhubiria kuhusu jinsengi. Swali lile la daktari ndilo nililopaswa kumuuliza kwanza.